Ubunge na Mzigo wa Kijiji

Watu wengi huukimbia mzigo wa wengine. Aliye na mzigo wake kichwani hutafuta mahali pa kuutua, na aliye mtupu huona haya kupita karibu asije akaombwa msaada. Methali yasema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, kwa macho ya asiyeubeba, uzito wa mwingine si uzito. Lakini kila baada ya miaka mitano hutokea watu ambao hufanya kinyume cha desturi hiyo. Husimama hadharani wakaomba mzigo; hushindania mzigo; hukopa fedha kwa ajili ya mzigo; na anyimwaye huhuzunika kama aliyenyang'anywa mali. Mzigo huo ni ubunge. Ama watu hao ni wema kupita kiasi cha binadamu, ama wamekwisha kuuona mzigo huo kuwa ni usufi. Swali hili lafaa kuulizwa hata mjini, lakini kijijini lina uchungu zaidi, kwa sababu huko jibu lake hupimwa kwa maji ya kunywa, kwa dawa ya homa na kwa bei ya mazao.

Goweko ni mahali panapofaa kuuliza swali hilo. Ni kata ya Wilaya ya Uyui katika Mkoa wa Tabora, na kwa uchaguzi wa Bunge imo katika Jimbo la Igalula. Imekaa upande wa mashariki wa mji wa Tabora, penye stesheni ya Reli ya Kati, katika nchi ya misitu ya miombo. Tangu zamani nchi hii imekuwa nchi ya kupitiwa. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Ujiji, iliikata kwa miguu. Baadaye Wajerumani walileta reli, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2021 mkataba wa kujenga reli nyingine mpya, kutoka Makutupora hadi Tabora, ulitiwa sahihi. Hivyo mkazi wa upande huu amezoea kuona watu na mali vikipita mbele ya macho yake. Huinua kikapu chake cha karanga au chupa yake ya asali mpaka dirishani, hupokea fedha kwa haraka, na gari huondoka. Vumbi hutulia, naye hubaki pale alipokuwa.

Mgombea naye ni mmoja wa wapitao. Hushuka, husema, hupungiwa mikono, hupanda, huenda zake. Tofauti iliyopo kati yake na gari moshi ni kwamba gari moshi halikuahidi kitu.

Na achukuliwe mtu mmoja, si kwa jina bali kwa mfano, kwa sababu watu wa namna yake si wachache. Alizaliwa katika kijiji cha kata hii. Alikwenda shule kwa miguu, akafaulu, akapanda treni kwenda kusoma mbali, kisha akapata kazi mjini. Kila arudipo kwa likizo huyaona mambo ambayo utotoni aliyadhani kuwa ni sehemu ya dunia, kama jua na mvua. Huona wanawake wamepanga ndoo zao tangu alfajiri penye kisima kimoja. Huona mkulima wa tumbaku aliyekata kuni, akakausha majani, akafunga robota, akalipeleka kwenye chama cha msingi cha ushirika, na sasa angoja malipo huku ada ya shule haingoji. Huona mgonjwa akichukuliwa kwa baiskeli, na mwalimu akisomesha watoto wengi kuliko madawati. Elimu imemharibia usingizi wake. Sasa ajua kuwa mambo hayo si jua wala mvua. Yana sababu, yana mafungu ya fedha, yana ofisi na yana watu wanaoyaamua. Basi fikira humjia kuwa aende mahali yanapoamuliwa.

Fikira hiyo ni njema, lakini haiji peke yake. Nyuma yake huja nyingine ambayo haina sura nzuri kiasi hicho. Ubunge una mshahara, una gari, una jina la Mheshimiwa. Mtu aliyekuwa akiitwa kwa jina la baba yake huondolewa jina hilo kwa siku moja, akavikwa jingine, na wazee waliomtuma dukani alipokuwa mdogo humwinukia. Hapana binadamu asiyependa kuinukiwa. Fikira ya tatu huja kimya zaidi ya hizo mbili: haja ya kuwaonyesha wale waliomdharau zamani kwamba naye amefika. Mgombea mwaminifu si yule asiye na fikira ya pili wala ya tatu, kwa kuwa mtu wa namna hiyo hajazaliwa. Mgombea mwaminifu ni yule azijuaye zote tatu kwa majina yake, akaweza kusema kila asubuhi ni ipi iliyomwamsha.

Katiba haimwekei mtu huyu kizuizi kikubwa. Ibara ya 67 yamtaka awe raia aliyetimiza umri wa miaka 21, ajuaye kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Haisemi awe tajiri. Haisemi awe msomi mkubwa. Kwa maandishi hayo mkulima wa Goweko na mfanyabiashara mkubwa wa Dar es Salaam wana haki sawa ya kuomba. Lakini njia iliyo kati ya maandishi na karatasi ya kura ni ndefu, na aghalabu ni njia ya fedha. Pana wajumbe wa chama wa kuonwa, pana mafuta ya gari, pana vipaza sauti, pana wapambe ambao hula kila siku na hawashibi. Ndipo hapo mtu aliyeondoka nyumbani na fikira ya kisima hujikuta akiuza shamba kununulia fulana.

Kisha huja mkutano wa kwanza, naye husimama mbele ya watu wa kwao. Hapo ndipo jaribu kubwa la kazi yake lilipo, kwa sababu watu wamekaa kumsikia asemavyo juu ya maji, na ulimi ni mwepesi. Husema, "Mkinichagua, nitawachimbia visima." Watu hupiga makofi. Lakini sentensi hiyo ina kasoro ambayo mgombea ama haijui, na basi hakujifunza kazi aiombayo, ama aijua, na basi amesema uongo mbele ya waliomlea.

Mbunge hana fungu la fedha la kuchimbia visima. Ibara ya 99 ya Katiba yakataza Bunge kushughulikia jambo la kutoza kodi au kutumia fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa Rais amependekeza jambo hilo na Waziri amelileta. Mbunge aweza kuijadili bajeti, kuikosoa, kuiunga mkono au kuikataa. Lakini Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kuipitisha bajeti. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake. Lakini nao ni mfuko mdogo wa kuongezea nguvu kazi ambazo wananchi wamekwisha kuzianza, na fedha zake hupitia halmashauri, hazipitii mkononi mwake. Maji ya vijijini yana wakala wake, RUWASA, uliowekwa mwaka 2019. Barabara za vijijini zina wakala wake, TARURA, ulioanza mwaka 2017. Mbunge si mkuu wa hao wala mwajiri wao.

Ni nini basi kilichobaki mkononi mwake? Kimebaki kinywa, sikio na miguu. Kwa kinywa chake huuliza maswali Bungeni, na Waziri au Naibu wake analazimika kusimama na kujibu mbele ya nchi nzima. Jibu hilo huandikwa, na lililoandikwa laweza kudaiwa. Katika mkutano wa bajeti, uanzao Aprili na kwisha Juni huko Dodoma, aweza kusema kuwa fungu fulani liliandikwa mwaka jana na fedha zake hazikufika. Pia ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Makao ya Wilaya ya Uyui yapo Isikizya. Mtu wa Goweko mwenye shida na ofisi hizo aghalabu hana budi kwenda Tabora kwanza, kisha kuendelea na safari. Mbunge ahudhuriaye vikao hivyo huwaokolea wengi nauli. Asiyehudhuria huwafungia mlango ambao wao walidhani kuwa wameufungua.

Kazi hiyo ni ndogo machoni, na haina makofi. Lakini ndiyo kazi yenyewe, na mfano wake upo karibu. Barabara ya lami itokayo Itigi kwenda Tabora ina kipande kati ya Chaya na Nyahua, kilomita zipatazo 85, kilichojengwa kwa mkopo wa Mfuko wa Kuwait na kuzinduliwa mwaka 2022. Kabla ya hapo masika yalipita mengi, magari yalizama, na watu waliuliza. Walioipigia kelele barabara hiyo walikuwa wengi, na si wote waliokuwa bado wabunge siku ya utepe kukatwa. Hapana mmoja awezaye kusema kwa haki, "Niliijenga mimi." Lakini hapana vilevile awezaye kusema kuwa kuuliza hakukuwa na kazi. Maendeleo ya kijiji mara nyingi huwa hivyo: mmoja hupanda swali, wa pili hulipalilia, wa tatu huvuna picha.

Kama ndivyo, kwa nini wagombea huahidi visima badala ya kuahidi maswali? Wengi huwalaumu kwa udanganyifu, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini wapiga kura nao wana sehemu yao. Mgombea asemaye kwamba atahudhuria vikao vyote na kurudi kila baada ya miezi mitatu kueleza alichojibiwa huonekana mtu baridi. Baada ya mkutano huzungukwa na watu. Mmoja ana msiba, wa pili ana mtoto aliyekosa ada, vijana wanataka mpira na jezi, kina mama wa kikundi wanataka sufuria. Akitoa, huitwa mtu wa watu. Asipotoa, huambiwa kuwa mwenzake alikuja jana, na hakuja mikono mitupu.

Wako wasomi wa mjini ambao huwacheka watu wa vijijini kwa jambo hili, wakasema kuwa huuza kura kwa kilo ya sukari. Kicheko hicho si cha haki. Mtu aliyepiga kura mara tano na kisima hakikuja, amejifunza kwa uzoefu kuwa ahadi ya kisima haina thamani na sukari ina thamani yake. Hajakosa akili, ametumia hesabu. Akipewa chaguo kati ya neno lililomhini na kilo moja anayoweza kuichemshia chai, huchukua kilo. Aliyemharibia hesabu hiyo ni yule wa kwanza aliyeahidi asichoweza, na wa pili aliyetoa sukari ili asiulizwe juu ya ahadi ya wa kwanza.

Sheria yenyewe iliwahi kuyumba katika jambo hili. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura ukapewa jina la takrima na ukaruhusiwa. Neno zuri la mgeni kukaribishwa likatumika kufunika jambo lingine. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa vilimpendelea mwenye mali dhidi ya asiye nayo na kufungua mlango wa rushwa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ili kuweka mipaka ya matumizi. Sheria hizo ni njema, lakini hakuna askari awezaye kusimama katika kila ua usiku wa kuamkia uchaguzi. Kinachoweza kuiondoa sukari katika kura ni kitu kimoja: kura ionekane kuwa na faida kubwa kuliko sukari.

Wanyamwezi walikuwa na mafunzo juu ya jambo hili kabla ya kura kujulikana, kwa maana waliijua kazi ya kubeba kuliko watu wengi wa Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 wapagazi wao walichukua pembe, shanga na vitambaa kati ya pwani na maziwa makuu. Mzigo wa mtu mmoja uliweza kufika frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, mbali na vyombo vyake mwenyewe. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Alijipamba akatambulikana kwa mbali, alichukua bendera, na mpagazi aliyethubutu kumtangulia alitozwa faini. Lakini heshima hiyo haikumwondolea mzigo: naye alibeba, ijapokuwa mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wenzake. Alikwenda kwa miguu katika njia ileile, akakanyaga miiba ileile, akaona kiu ileile. Njia ilipogawanyika, ile isiyofaa ilizibwa kwa tawi au kwa mstari uliochorwa chini, ili aliye nyuma kabisa, ambaye hata bendera haioni, asipotee.

Ukuu wa kirangozi ulikuwa na mpaka pia. Wapagazi waliijua nguvu yao. Posho ilipopunguzwa au mapatano yalipovunjwa, walitua mizigo, na msafara mzima ukasimama, bendera na pembe na tajiri mwenyewe. Hapakuwa na haja ya vita. Upande wa mashariki wa Goweko, katika njia hiyohiyo ya zamani, kuna mahali paitwapo Tura, palipokuwa mlango wa Unyamwezi kwa msafiri atokaye pwani. Mwingereza Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliandika kwamba maana ya jina hilo ni "tua", yaani weka mzigo chini. Baada ya nyika ndefu isiyo na chakula, hapo watu walitua, wakanunua nafaka, wakahesabiana. Safari haikuwa kubeba tu. Ilikuwa na mahali pa kutua na pa kuulizana.

Ubunge wa kijiji hauhitaji sifa zaidi ya hizo. Aombaye aende katika njia ya wale awaongozao, abebe nao, amfikirie aliye nyuma kabisa, na akubali kwamba waliomweka mbele wana haki ya kumtua. Sifa tatu za kwanza hutegemea moyo wake. Ya nne haimtegemei yeye, na ndiyo inayozilinda nyingine. Mtu ajuaye kuwa hawezi kutuliwa husahau upesi njia yenye miiba.

Haki hiyo ya kumtua mkubwa haikuja kwa siku moja, na sehemu ya habari yake imo Tabora. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana mjini humo kuamua kama kitaingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Masharti ya kupiga kura yalikuwa makali: kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi maalumu iliyotajwa. Mkulima wa kawaida wa vijiji vya Unyanyembe aliachwa nje ya mlango. Wajumbe wengi walitaka kususa. Julius Nyerere aliwashawishi waingie, na wakakubali. Zuberi Mtemvu hakukubali, akajitenga na kuunda chama chake. Wagombea waliosaidiwa na TANU walishinda. Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe naye aliingia Baraza la Kutunga Sheria katika miaka hiyo, akawa waziri, na baada ya Uhuru akawa Waziri wa Sheria, mpaka alipojiuzulu mwaka 1963. Mwaka huohuo mamlaka ya machifu yalikuwa yamekwisha kukomeshwa kwa sheria. Katika maisha ya mtu mmoja uongozi wa kurithi na uongozi wa kuomba vilikutana, na cha pili kikabaki.

Lakini kuomba peke yake hakutoshi kama mwombwaji hana wa pili wa kumpa. Katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na vingi vilipatikana bila mpinzani. Furaha ya kukaribia Uhuru ilikuwa kubwa, na mkulima hakuulizwa sana. Mwaka 1965, chama kikiwa kimoja, palibuniwa jambo la namna yake: wanachama wawili wa chama hicho waliwekwa mbele ya wapiga kura katika kila jimbo lenye ushindani, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, ili asiyejua kusoma apige kura. Walisimama katika jukwaa moja, wakakatazwa kutumia kabila, rangi au dini. Uhuru huo ulikuwa na mipaka, maana aliyetaka njia nyingine kabisa hakuwa na alama yake. Hata hivyo wakulima waliutumia. Wabunge wengi waliokuwamo waliangushwa. Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, aliangushwa. Bibi Titi Mohamed, ambaye sauti yake ilikuwa imewaamsha maelfu wakati wa kudai Uhuru, aliangushwa. Yamkini baadhi yao walionewa na hesabu ya siku ile. Lakini nchi nzima ilijifunza kuwa hata mkubwa aweza kuambiwa "tua" na mtu mwenye jembe, na dunia haikuanguka.

Vyama vingi vilirudishwa kwa sheria mwaka 1992, na uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ukafanyika mwaka 1995. Ilitarajiwa kuwa mkulima angekuwa na wa kuwapima zaidi. Mara nyingine ilikuwa hivyo, na mara nyingine haikuwa. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 chama kikubwa cha upinzani, CHADEMA, hakikuwamo, na siku ya kupiga kura na zilizofuata zilikuwa siku za ghasia na vifo katika miji kadhaa. Mambo hayo yaonekana kuwa mbali na kisima cha Goweko, lakini hayako mbali. Mahali ambapo mshindi ajulikana kabla ya kura, mgombea hana haja ya kukiogopa kijiji. Humwogopa yule aliyempa nafasi, na huko ndiko apelekako taarifa zake. Kisima hukosa maji kwa sababu iliyoanza mbali sana na mtambo wa kuchimbia.

Yule mtu wa mfano aweza kushinda au kushindwa. Akishinda, kipimo chake kitakuwa chepesi kukieleza na kigumu kukitimiza: je, atarudi kabla ya kuhitaji kura? Atasimama chini ya mti uleule, pasipo vipaza sauti, aseme, "Niliuliza jambo hili, nikajibiwa hivi, hili nilikataliwa, na sababu ni hii"? Kukiri kukataliwa mbele ya watu ni kugumu kuliko kuahidi. Lakini mwananchi aambiwaye kweli, hata ikiwa chungu, hupata kitu ambacho sukari haina: hupata mahali pa kushika ili yeye naye asukume.

Akishindwa, kipimo ni kikali zaidi. Wengi walioshindwa hupanda treni wakarudi mjini na uchungu wao, wakaonekana tena baada ya miaka mitano. Mtu wa namna hiyo amejibu swali lililoulizwa mwanzo: alichokitaka hakikuwa mzigo. Kwa maana mzigo wa kijiji haukwenda Dodoma. Umebaki palepale, na njia za kuubeba pasipo ubunge zipo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi mtu mzima wa kijiji ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, na mbele ya mkutano huo mapato na matumizi hutakiwa kusomwa. Mwenye elimu ya hesabu aketiye katika mkutano huo, akauliza kwa adabu fedha za ukarabati wa kisima zimekwenda wapi, amefanya kazi ileile ambayo mbunge hufanya, na kwa nauli ndogo. Chama cha msingi chahitaji mtu wa kusoma mkataba wa tumbaku kabla wenzake hawajaweka dole gumba. Kamati ya shule yahitaji mtu wa kuandika barua. Kazi hizo hazina jina la Mheshimiwa. Lakini azifanyaye kwa miaka mitano, akija kuomba kura, hana haja ya kuahidi kitu. Watu wamekwisha kumwona akibeba.

Hapana ubaya katika kuutaka ubunge, na vijiji vina haki ya kuwa na watoto wao waliosoma mahali sheria zitungwapo. Ubaya ni kuutaka kabla ya kuupima uzito wake, au kuuomba kana kwamba ni usufi. Gari litaendelea kusimama Goweko, na wagombea wataendelea kushuka. Ni juu ya watu wa stesheni kumtazama kila ashukaye, si mikononi, kama ameleta kitu, bali mabegani, kama pana alama ya mzigo aliowahi kubeba. Na baada ya miaka mitano wawe tayari kusema, kwa upole na bila kuogopa, neno ambalo njia yao ya zamani ililifanya kuwa jina la mahali.